Mkono Usioshika

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo utanichosha tena?"

Binti anacheka, anavua viatu mlangoni. Anasogeza kiti kizito cha mbao mpaka ukutani, anakisukuma kwa goti aone kama kitateleza, kisha anakunja mkeka na kuuweka kando. Mguu usionyanyuka vizuri hunaswa na mkeka.

Tuko ghorofa ya pili, Michenzani, Unguja, katika majumba marefu yaliyojengwa Ng'ambo baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Miezi minne iliyopita mshipa uliziba upande wa kulia wa ubongo wa bibi, upande wa kushoto wa mwili ukalegea. Nguvu zimerudi kiasi. Kilichobaki ni mizani: mwili umesahau katikati yake iko wapi, na uzito wote anautupia mguu wa kulia.

Binti ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kifaa chake cha leo ni kanga ya bibi mwenyewe. Anaizungusha kiunoni, anafunga fundo, anashika pindo la nyuma kwa vidole viwili, halafu anasimama upande wa kushoto, nyuma kidogo. Kwapani hamgusi. Sisi majirani wema tunaomwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono uliolegea ndio tunaoharibu bega. Nami nimewahi kufanya hivyo.

Kazi inaanza kitini. Nyayo sakafuni, zimeachana kidogo, visigino vimerudi nyuma ya magoti. "Vuta pumzi. Toa." Mara tatu. Kisha bibi ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo anyanyuke. Mara ya kwanza anajirusha, anarudi kitini kwa kishindo. Binti anangoja pumzi itulie. Mara ya pili bibi anakwama katikati. Kidole cha binti kinagusa nyonga ya kushoto, hakisukumi, kinaikumbusha tu. Anasimama.

Sasa, kila akitoa pumzi, anauhamishia uzito mguu wa kushoto, polepole kama anayemimina mafuta ya taa kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Goti linatetemeka. Mimi natazama goti. Binti anatazama vidole vya mguu: vikianza kujikunja na kung'ang'ania sakafu, uzito umezidi, na hapo humrudisha. Visipojikunja, anahesabu mpaka tano. Pindo la kanga limelegea mkononi mwake muda wote. Angelikaza, bibi angeliegemea kanga, na ubongo usingekuwa na haja ya kujifunza chochote. Nilihesabu mara 20, na ya mwisho binti aliingoja sawa na ya kwanza.

Wachina wamejenga sanaa nzima juu ya jambo hili hili, kuhamisha uzito kwa utulivu na pumzi: taichi. Mwaka 2014 watafiti huko Arizona, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 145 waliowahi kupata kiharusi. Katika wiki 12, waliofanya taichi walianguka mara 5. Waliobaki na huduma ya kawaida, mara 15. Madaktari wa China wako Unguja tangu 1964, lakini binti hakumletea bibi mtindo wa Kichina. Alimuuliza anatamani nini. Bibi alisema amechoka kusali kitini, ingawa sheria inamruhusu.

Kwa hiyo zoezi la mwisho ni kisimamo. Mkono wa kulia unaushika wa kushoto kifuani. Anainama nusu ya rukuu, ananyooka, anatulia.

"Hapa kwenye itidali ndipo utakapoyumba, bibi. Kichwa kinapanda haraka kuliko miguu. Kingoje."

Bibi anakingoja. Adhana ya alasiri inaingia dirishani. Binti anamsaidia kutia udhu na kuvaa, anakiweka kiti nyuma yake, anarudi hatua moja.

Rakaa ya kwanza bibi aliisimamia, sijda akaileta kitini. Tatu zilizobaki alizisali amekaa.