Hewa si upepo: Tafsiri mbovu inapomuumiza mgonjwa

NINAYO mezani karatasi ya hospitali, ile anayopewa mgonjwa siku anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Upande mmoja ni Kiingereza, wa pili ni Kiswahili. Aliniletea dada yangu, ambaye mwanawe alianguka kutoka kwenye bodaboda akavunjika mfupa wa paji la uso.

"Kaka, si wewe ndiye profesa wa Kiswahili? Hebu nisomee," akasema. "Wanasema kijana ana upepo kwa ubongo. Sasa huo upepo uliingilia wapi, na utatolewa na daktari ama na pasta?"

Swali hilo lilinichoma. Leo nitaihakiki karatasi hiyo kama ninavyohakiki tafsiri yoyote ile. Hospitali yenyewe sitaitaja, maana ugonjwa huu wa lugha umeenea.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Ndani ya fuvu mna ubongo, damu na maji yanayouzunguka ubongo. Hewa haina makao humo. Huingia fuvu linapopata ufa, hasa katika mifupa inayopakana na pua au masikio, au madaktari wanapolifungua kwa upasuaji. Hali hiyo kitaalamu huitwa nyumosefalasi. Baada ya upasuaji wa kichwa hewa kidogo hubakia mara nyingi, na mwili huifyonza wenyewe polepole. Hatari kubwa huja pale ufa unapofanya kazi kama vali ya tyubu ya baiskeli: hewa inaingia, kutoka haitoki. Ikijazana huukandamiza ubongo, na hapo madaktari hulazimika kuitoa kwa dharura.

Sasa tuitazame tafsiri. Kosa la kwanza ni hilo la "upepo". Upepo ni hewa inayokwenda. Hewa iliyonaswa haivumi. Isitoshe, upepo una jirani yake, naye ni pepo. Mswahili hupunga upepo jioni ufuoni, lakini mganga hupunga pepo. Ukimwambia mzazi kwamba mwanawe ana upepo kichwani, na kijana mwenyewe anaongea ovyo kwa sababu ya jeraha, msamiati wako umekwisha kumwonyesha mzazi huyo njia ya kwa mganga.

Najua mtetezi wa tafsiri hiyo atasema nini. Atanikumbusha kwamba istilahi ya madaktari ina mzizi wa Kigiriki, pneuma, wenye maana ya upepo, pumzi na hata roho. Ni kweli. Hata hivyo, asili ya neno si maana yake ya leo. Hewa hii haina siri yoyote. Mwaka wa 1918, mpasuaji Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, alichapisha mbinu ya kuitia hewa makusudi katika vyumba vya ndani ya ubongo ili vionekane kwenye eksirei. Kitu kinachopigwa picha kikaonekana si pepo.

Kosa la pili ni mahali. Karatasi inasema hewa imo "ndani ya ubongo". Mara nyingi hewa hii hukaa kati ya fuvu na ubongo, na ndivyo upande wa Kiingereza unavyosema kumhusu kijana wetu. Tofauti hiyo si ndogo kwa mama asiyelala usiku.

Kosa la tatu ndilo kubwa zaidi, kwa kuwa linahusu maagizo. "Usipulize pua," karatasi inaamuru. Nani hupuliza pua? Tunapuliza moto, puto na filimbi. Kamasi tunapenga. Kijana alikuwa na mafua, akapenga kamasi siku tatu mfululizo akiamini ametii, kwani hakupuliza kitu. Kumbe kila alipopenga, alikuwa akiisukuma hewa ipite kwenye ule ufa.

Linafuata agizo la "usijikaze". Kwetu kujikaza ni kuvumilia. Mgonjwa huambiwa ajikaze, naye huyu anakatazwa! Kilichokusudiwa ni kwamba asijikamue chooni wala asinyanyue mizigo. Kisha kuna "epuka miinuko". Familia ikamkataza kijana kupanda kilima cha kwenda kanisani. Kiingereza kilitaja safari za ndege, kwa sababu shinikizo la hewa hupungua ndege inapopaa na hewa iliyonaswa fuvuni hutanuka. Katika Kiswahili, ndege imetoweka.

Mwishoni imeandikwa: "Ukiona uvujaji, rudi." Uvujaji wa nini? Kenya hii tunajua uvujaji wa mitihani na wa paa. Maji yasiyo na rangi yalipoanza kuchuruzika puani mwa kijana, dada yangu aliyaita mafua. Yalikuwa maji ya kuzunguka ubongo. Yanapopata njia ya kutokea, viini navyo hupata njia ya kuingilia, na homa ya uti wa mgongo hainyemelei mbali.

Kilichomrudisha kijana hospitalini ni kutapika na kichwa kuuma kupita kiasi. Picha mpya ilionyesha hewa imeongezeka. Alilazwa, akawekewa oksijeni, ambayo husaidia hewa iliyonaswa kufyonzwa haraka, akapona. Nashukuru. Lakini aliokolewa na macho ya mamake, si na karatasi.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Katiba ya 2010 nayo imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Ukurasa uliojaa maneno ya Kiswahili yasiyoeleweka hautimizi matakwa hayo hata kidogo.

Nasi wasomi hatuwezi kujitoa lawamani. Nimehudhuria makongamano mengi tukibishania istilahi hadi chai ikapoa. Sikumbuki hata moja lililofanyikia wodini. Waliounda "mgongo wazi" walitumia maneno ya nyumbani, na kila mzazi anaelewa. Kwa mtindo huo napendekeza "hewa fuvuni". Daktari aendelee na nyumosefalasi katika ripoti yake, ila asimpe mgonjwa hiyo peke yake. Wala tusiseme "kichwa hewa", maana tayari tuna "kichwamaji", na sote tunajua ni tusi.

Karatasi ingeweza kusema hivi: Kuna hewa imenaswa kati ya fuvu na ubongo. Usipenge kamasi. Ukipiga chafya, fungua mdomo. Usijikamue chooni. Usipande ndege mpaka daktari akuruhusu. Ukiona maji yasiyo na rangi yakitoka puani, au kichwa kikizidi kuuma, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Nilimsomea dada yangu. "Kumbe ni hayo tu?" akasema. "Si wangesema!"

Kwa hivyo, watafsiri wa hospitali, kabla hamjachapisha, msomeeni mzazi mmoja aliye kwenye foleni. Msimuulize kama Kiswahili hicho ni sanifu. Muulizeni akifika nyumbani atafanya nini.