Kompyuta Kabatini, Taa Ukumbini

Namvulia kofia fundi anayeweza kufanya taa, pampu na milango ya nyumba moja visikilizane bila waya. Watu hudhani kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta na kubofya. Ukimfuata kutwa utamwona akigonga kuta, akipanda darini, akiuliza nani huamka usiku na hupitia mlango upi.

Kuta ndizo za kwanza. Vifaa vingi vya namna hii huwasiliana kwa Zigbee, redio ya masafa ya gigahezi 2.4 inayotumia nguvu ndogo mno, hata kihisi cha mlango kikaishi mwaka na zaidi kwa betri moja bapa ya saizi ya sarafu. Nguvu ikiwa ndogo, ukuta huwa kikwazo. Na ukuta wa mawe ya matumbawe wa Mji Mkongwe, unene wake nusu mita hivi, ni kikwazo hasa. Dawa ni vifaa kupokezana ujumbe. Plagi iliyo kwenye umeme wa nyumba huupokea na kuusukuma mbele. Kifaa cha betri hakisaidii, maana muda mwingi kimelala. Kwa hiyo fundi hupanga plagi zake ukumbini na ngazini, zipokezane ujumbe kama makuli wanavyopokezana magunia bandarini.

Kwenye swichi ndipo fundi mzuri anapojulikana. Balbu yenye redio ndani yake ikizimwa ukutani imekufa, na vifaa vilivyoitegemea vimekatika nayo. Yeye huiacha balbu ya kawaida, akaficha relei nyuma ya swichi, ili mgeni abonyeze kama alivyozoea. Lakini relei nyingi zinataka nyutro, na katika nyumba nyingi kisanduku cha swichi kina nyaya mbili tu: wa kuleta moto na wa kwenda kwenye taa. Nyutro iko juu darini. Basi hupanda.

Kompyuta inayotoa amri kwa vyote hivi yaweza kuwa Raspberry Pi, kibao cha ukubwa wa kadi ya benki kilichoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, kikiendesha Home Assistant, programu ya bure aliyoianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013. Redio ya Zigbee haichomekwi pale pale ubavuni mwa kompyuta: matundu ya USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa yale yale, hivyo fundi huisogeza mbali kwa kebo ya mita moja hivi. Ruta ya Wi-Fi ikiwa chaneli ya 1, Zigbee huipeleka ya 20 au 25. Ni mambo madogo, lakini hayo ndiyo hutenga nyumba inayotii na nyumba inayokwamakwama.

Na kompyuta hii naipenda zaidi kwa kuwa inakaa nyumbani. Mwaka 2016 kampuni ya Nest ilizima seva za Revolv, kifaa cha kuongozea vitu vya nyumbani, na vifaa ambavyo watu walivinunua kwa pesa zao vikaacha kufanya kazi. Amri ya kuwasha taa ya jikoni haina haja ya kuvuka bahari.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako mitaa mingi hupata maji kwa mgao, faida kubwa iko kwenye tangi. Kihisi kilicho juu ya paa hutuma kina cha maji kwa MQTT, utaratibu wa kupashana ujumbe waliobuni Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper mwaka 1999 kwa kufuatilia mabomba ya mafuta. Tangi la juu likipungua na la chini likiwa na maji, pampu iwake. La juu likijaa, izime. Fundi huongeza amri ya tatu, na kwangu hiyo ndiyo alama ya mkono wake: taarifa za tangi zikikatika kwa dakika kadhaa, pampu izime, kwani ikizunguka bila maji huungua.

Kabla ya kupokea malipo huizima kompyuta, akapita chumba kwa chumba akibonyeza swichi moja moja, mwenye nyumba nyuma yake. Taa ikigoma hata moja, hupanda darini tena.