Waya Zilizozikwa Elgon View

Kosa la kazi ya ulinzi iliyofanywa katika nyumba moja ya Elgon View, mjini Eldoret, si la mkono uliotetereka, bali ni la hukumu iliyopotoka, na kwa sababu hiyo halisameheki kwa wepesi. Mafundi waliokabidhiwa ulinzi wa nyumba ile waliikuta imekwisha kupigwa lipu, na kila mlango na kila dirisha la chini limekwisha kufikiwa na waya yake ya kengele, shaba tupu, iliyopitishwa ndani ya paipu tangu siku mawe yalipokuwa yakipangwa. Nao, badala ya kuipokea neema ile, walizikata waya zote midomoni mwa paipu, wakaziba matundu kwa saruji, kisha wakatundika kamera na vihisi vya waifai ambavyo uhai wao wote umening'inia kwenye rauta moja iliyochomekwa katika soketi ya sebuleni.

Hoja waliyoitoa ni kwamba waya zimepitwa na zama, na kwamba mwenye nyumba akitaka kulitazama geti lake akiwa Nairobi au Dubai hana budi kutumia waifai. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ni batili, maana paneli ya waya nayo hupewa moduli ya intaneti au ya laini ya simu, ikampelekea mwenyewe habari popote alipo. Na sehemu ya kwanza si hoja, ni mapenzi ya kitu kipya. Udhuru ungekuwapo laiti nyumba ingekuwa ya kupanga kule Kapsoya, ambako mpangaji hana idhini ya kutoboa ukuta na siku ya kuhama angependa kuondoka na vihisi vyake, au laiti ingekuwa nyumba kongwe ya mawe ambayo kuipasulia njia za waya ni kuleta vumbi na gharama inayozidi bei ya vyombo vyenyewe. Katika hali hizo mimi hushauri mtambo usio na waya, ule wenye masafa yake mahususi, ambao vihisi vyake na paneli huulizana hali kila baada ya muda mfupi, na hushauri hivyo bila kusita. Walakini kinachoifanya waya kuwa ghali ni jasho la kuipitisha, wala si shaba yake. Na hapa jasho lilikwisha kutoka na fedha zilikwisha kulipwa. Kuitupa kazi hiyo kulikuwa israfu kabla hakujawa hatari.

Ama hatari yenyewe ni hii. Fadhila ya waya haiko katika kutokatika, maana waya hukatika, huguguniwa na panya, na skrubu zake hulegea kadiri miaka inavyopita. Fadhila yake ni kwamba ikikatika husema. Mzunguko uliofungwa, wenye rizista mwishoni, hupitisha mkondo mdogo usiku na mchana, na paneli huupima ukinzani wake bila kuchoka: mwizi akiikata waya ukinzani hupanda pasipo kikomo, akizigusanisha nyaya mbili hushuka hadi karibu na sifuri, na katika hali zote mbili king'ora hulia. Ni mfano wa bawabu aliyeagizwa kuitikia kila aitwapo, hata kimya chake peke yake kikawa habari. William Robinson aliitumia kanuni hiyo katika reli za Marekani mwaka 1872, akaufanya mkondo unaopita katika vyuma vya njia kuwa ndio unaoishikilia ishara ya usalama, hivi kwamba mkondo ukikoma kwa sababu yoyote ile, likiwa ni garimoshi limeingia au chuma kimevunjika, ishara hujigeuza yenyewe kuwa ya hatari. Siku reli ilipofika Eldoret mwaka 1924 elimu hiyo ilikwisha kupita nusu karne, na hata leo sijaona kilichoizidi kwa unyofu.

Kihisi cha waifai cha bei ya chini hakiitikii wito wa mtu. Aghalabu hulala ili kuihifadhi betri yake, kikaamka pale tu mlango unapofunguka. Na betri ikifa, au mawimbi yakizuiwa na ukuta wa mawe na mabati, au rauta ikizimwa, kimya cha kufa na kimya cha amani kwake ni kimya kimoja. Fauka ya hayo, kwa miaka mingi ujumbe wa kukiamuru kifaa kiuache mtandao ulikuwa haudaiwi ithibati yoyote, hata mtu aliye nje ya ukuta, asiyejua nywila ya nyumba, aliweza kukifukuza. Tiba yake iliandikwa katika kanuni za mwaka 2009, na haikufanywa faradhi hadi kilipokuja kiwango cha ulinzi wa waifai cha WPA3 mwaka 2018, na kamera nyingi zinazouzwa mjini kwetu bado hazina tiba hiyo. Mlinzi anayefukuzika kwa amri ya mgeni hastahili kukabidhiwa mlango wa nyumba wanamolala watoto.

Kisha iko habari ya stima. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na giza hilo likarudi Novemba na Desemba kabla mwaka haujaisha. Basi anayepanga ulinzi katika Kenya bila kulihesabu giza hajaanza kupanga. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ndogo ya risasi tunayoijua sote, huilisha paneli na vihisi sita vya waya, ambavyo kwa pamoja huvuta miliampea 150 hivi, kwa takriban saa 40. Betri hiyo hiyo ikitwikwa kamera nne, rauta na kinasa picha, mzigo wa wati 40 hivi, haimalizi saa 2. Ndiyo maana sichoki kusema kwamba kengele na kamera zisigawane betri moja. Mafundi wa East African Posts and Telecommunications walilijua jambo hili kabla wengi wetu hatujazaliwa: simu ya mezani ilipata nguvu zake kutoka kwa betri za kituo cha simu, kupitia jozi ile ile ya waya iliyobeba sauti, na taa za mtaa mzima zilipozimika simu bado iliita. Wale walikuwa mafundi. Waliuliza kwanza chombo kitafanya nini siku ya shari, ndipo wakauliza kitapendezaje siku ya heri.

Katika mambo ya kujiendesha kwa nyumba taksiri ni ile ile. Taa ya nyuma, iliyo hatua chache kutoka kwa kihisi chake, sasa haiwaki mpaka habari iende kwa seva iliyo ng'ambo na amri irudi kutoka huko. Na sote tunakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti yetu ikayumba, na tunaikumbuka tarehe 25 Juni mwaka huo huo, siku ya maandamano, ilipovurugika tena. Rilei moja ndani ya paneli ingeiwasha taa ile, na ya kibarazani, king'ora kinapolia, bila kuomba ruhusa kwa yeyote aliye nje ya boma.

Maadamu nimekwisha kuanza, na yale niliyoyalalamikia zamani nayalalamikia tena. Wangali wapo wanaoziweka rizista ndani ya sanduku la paneli badala ya mwisho wa waya, jambo linaloubatilisha ulinzi wote wa mzunguko, maana waya ikigusanishwa njiani paneli huona salama tupu. Wangali wapo wanaouza kebo ya alumini iliyopakwa shaba kwa jina la shaba. Kinasa picha kingali kinawekwa chini ya televisheni, mahali pa kwanza anapofika mwizi. Na nywila ya kiwandani ingali haibadilishwi, ingawa mwaka 2016 ulimwengu uliona jinsi programu ya Mirai ilivyoziteka kamera na vinasa vya namna hiyo kwa wingi, ikavitumia kuangusha huduma kubwa za mtandao huko Marekani.

Hata hivyo, nisiwanyime haki yao mafundi wa Elgon View: grili, fensi ya umeme na mahali palipochaguliwa pa taa ni kazi safi.

Linalonisikitisha zaidi ni la getini. Pale, ambapo umbali ni mrefu na waifai ya sebuleni haikufika, ndipo walipovuta kebo ya shaba juu ya nguzo hadi kwenye kamera ya nje. Katika Uasin Gishu, ambako mvua za alasiri huja na radi, shaba ndefu iliyo wazi hewani huipokea nguvu ya radi hata iliyopiga mbali kidogo, ikaileta moja kwa moja mpaka kwenye kinasa na rauta. Hapo ndipo palipofaa daraja la redio, au nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi umeme. Basi walikata waya palipokuwa na haki ya waya, wakaivuta pale ilipokuwa hatari.

Kurekebisha si kazi kubwa. Zile waya hazikung'olewa, zimefunikwa tu. Kitafuta-waya kitaonyesha kila paipu ilipo, saruji itachokolewa, kila jozi itaungwa kwa sumaku ya mlango na rizista yake mwishoni, na paneli ya zoni 8 yenye betri yake itafungwa katika kabati la ndani, mbali na sebule. Kamera zilizopo zibaki, zilindwe kwa nywila mpya na kupewa betri yao wenyewe, na shaba ya getini ishushwe kabla ya mvua kubwa.