Mabadiliko, Matengenezo na Thamani: Kuhusu Lugha ya Fomu za Bima ya Magari ya Zamani

Fomu ninayokusudia kuizungumzia ina kurasa nne, nayo imeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo peke yake ni jambo la kushukuru. Sheria humlazimisha mwenye gari kukata bima, walau ile ya kumlinda mtu wa tatu, na haifai raia alazimishwe kutia sahihi mkataba asioweza kuusoma. Kampuni iliyoitoa sitaitaja, kwani kasoro za fomu hiyo si zake peke yake. Ni zetu pia sisi tunaoitwa wataalamu wa istilahi.

Niliiona kwa mara ya kwanza mezani kwa baba yangu mdogo, huko Kibosho, mwaka 2022. Baba mdogo ana Land Rover ya mwaka 1974, ile ndefu ya inchi 109 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, aliyoinunua kuukuu kwa fedha za kahawa. Injini yake ya petroli ilikufa zamani, na fundi mmoja wa Majengo, mjini Moshi, akaifungia injini ya dizeli ya Kijapani. Baadaye nyuma pakawekwa mabenchi mawili, na springi zikaongezwa majani. Moshi mjini iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya juu huko mlimani hupita mita 1,500. Gari lisilo na nguvu haliupandi mlima huo likiwa na mzigo wa saruji. Kwenye swali lisemalo, "Je, gari limefanyiwa mabadiliko yoyote?", baba mdogo aliandika: "Hapana."

Msimu wa mvua gari likateleza, likalala ubavu ndani ya mfongo. Mkaguzi alipofunua boneti na kulinganisha namba ya injini na ile iliyo kwenye kadi ya gari, dai lilikataliwa kwa sababu kwamba mwombaji ameficha ukweli.

Nilimwuliza mzee kwa nini alijibu vile. Alinitazama kwa mshangao. "Mwanangu, mimi sikubadilisha gari. Nilitengeneza."

Ndugu wafasiri, jibu hilo si la mjanja. Ni jibu la mtu anayekijua Kiswahili kuliko aliyeitunga fomu. Tusemapo mtu amebadili nguo, amebadili fedha au amebadili nyumba, twaelewa kwamba kimoja kimetoka na kingine kimeshika mahali pake. Aliyebadilisha gari ameliacha la kwanza akachukua la pili. Ni kweli kwamba "mabadiliko" hutumika pia kwa hali inayogeuka polepole, kama mabadiliko ya hali ya hewa, lakini maana hiyo nayo haimfikishi mwombaji kwenye injini na springi. Mtunga fomu alikuwa na neno moja la Kiingereza mbele yake, akalitafutia neno moja la Kiswahili, akaridhika. Hakwenda gereji kuuliza.

Mafundi wa Majengo wanayatenganisha mambo haya vizuri. Kuna kutengeneza, yaani kulirudisha gari katika hali ya kutumika. Kuna kubadili kipuri, yaani kutoa kilichoharibika na kutia cha namna ile ile. Na kuna kugeuza, yaani kulipa gari umbo au mtambo ambao kiwanda hakikuupa: bodi ya mizigo kugeuzwa ya abiria, petroli kugeuzwa dizeli, chesisi ya gari la watalii kukatwa na kurefushwa, paa kufanywa la kufunguka ili wageni wasimame watazame wanyama. Napendekeza basi tuseme "mageuzo". Neno "mageuzi" lingefaa, ila limekwisha kuchukuliwa na siasa, hasa tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, na sidhani kama kuna mwenye Land Rover atakayependa kuulizwa na kampuni ya bima iwapo amefanya mageuzi.

Hata hivyo nakiri kwamba istilahi peke yake haitoshi. Fomu nzuri ingeuliza vitu, si dhana: injini ni ile ile iliyoandikwa kwenye kadi? Viti vimeongezwa? Springi, breki, paa, je? Mageuzo hayalingani. Springi nzito na keria iliyojaa mizigo huongeza hatari ya gari kupinduka. Breki bora na mikanda ya viti huipunguza. Kampuni inayopokea neno "Ndiyo" tupu haina njia ya kupima, nayo humpandishia ada kila aliyesema kweli au humkataa. Mwenye breki mpya hulipishwa kosa la mwenye springi za lori, na jirani yake aliyeandika "Hapana" hulipa kidogo mpaka siku ya ajali. Bei ya haki haiwezi kupatikana hapo, hata kama pande zote mbili ni waaminifu.

Kasoro ya pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa imejificha katika maneno mazuri. Fomu inasema kwamba fidia italipwa kwa "thamani halisi ya gari". Halisi kwa nani? Kwa mwenye gari, thamani halisi ni ile fedha iliyomtoka: injini, bodi, rangi, ujira wa fundi. Kwa kampuni ni bei ambayo gari la umri huo lingepata sokoni siku ya ajali, uchakavu ukiisha kutolewa. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mtu anaandika kwamba gari lake lina thamani ya shilingi 24,000,000, na ada ni shilingi tatu na nusu kwa kila mia, atalipa 840,000. Gari likiteketea, mthamini akasema soko lingetoa 8,000,000, hizo ndizo atakazopata. Ada aliyoitoa ingetosha kukatia bima magari matatu ya bei hiyo. Akiogopa hilo akaandika 8,000,000, anaweza kuangukia kifungu cha bima pungufu: mthamini mwingine akiliona gari kuwa la 24,000,000, hasara ya 3,000,000 italipwa theluthi yake tu.

Ni afadhali tuseme waziwazi "thamani ya soko" panapokusudiwa soko, na "thamani ya makubaliano" pale ambapo pande mbili zimekaa pamoja na mthamini, picha na stakabadhi za fundi, zikakubaliana juu ya kima kabla ya mkataba kuanza. Namna hii ya pili inajulikana sana nchi za nje kwa magari ya zamani. Fomu yetu haina hata nafasi ya kuiandika, na mwombaji hawezi kuomba kitu kisicho na jina.

Jina la gari lenyewe nalo linatupa tabu. Fomu inaita "gari chakavu" kila gari lililopita miaka ishirini. Chakavu ni lililochakaa, na umri si uchakavu. Mwezi Oktoba 2024 Land Rover nyingi, mpya na za zamani, zilikusanyika Arusha katika tamasha, na watu wakazishangilia. Sikusikia mtu akisema amekwenda kutazama machakavu. Kwa gari la zamani lililotunzwa ningependelea "gari la tunu".

Maneno mengine nitayapita haraka. "Sera ya bima" ni kosa. Sera ni ya serikali na vyama, bima ina hati. "Polisi ya bima" inawatia watu hofu bure, ingawa "bima" lenyewe, lililotufikia kutoka Kihindi, lina asili ya neno la Kiajemi lenye maana ya hofu. Kinyume chake, "bima kubwa" na "bima ndogo", maneno ya mitaani, yanaeleweka na kila dereva, nami sioni sababu ya kuyafukuza.

Wenzetu wa bima watasema kwamba mwombaji ndiye mwenye wajibu wa kueleza yote. Ni kweli, ila si yeye peke yake. Jaji Mansfield wa Uingereza, katika shauri la Carter na Boehm la mwaka 1766, aliueleza wajibu wa uaminifu kuwa unazifunga pande zote mbili, na katika shauri hilo mwenye kutoa bima ndiye aliyeshindwa. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Siku moja hakimu wa Moshi atalisoma neno "mabadiliko" kama lilivyo, na atataka kujua lina maana gani kwa mtu wa Kibosho.

Baba mdogo alikata bima tena mwaka uliofuata, kwa kampuni nyingine. Swali lilikuwa lile lile. Safari hii aliandika "Ndiyo, nimegeuza injini na viti, breki nimetengeneza tu", akabandika barua ya fundi na picha sita. Karani aliisoma mara mbili, kisha akamwomba radhi kwamba nafasi ya kuandikia haikutosha.