Bayi Angalikimbia Montreal

Walimu wengi wa Kiingereza wa kidato cha pili hulipita somo hili mbiombio. Ni sentensi ya masharti aina ya tatu: "If I had known, I would have come." Kanuni inaandikwa ubaoni na kupigiwa mstari, darasa linaimba go, went, gone, zoezi la kujaza nafasi linatolewa, kengele inalia. Siwalaumu. Madawati yamejaa, muhtasari ni mrefu, na upimaji wa kitaifa unawasubiri mwisho wa mwaka. Ila yupo mwalimu, mmoja hapa na mwingine kule, anayelifundisha somo hilo hadi watoto wakagombea zamu ya kusema, na kazi ya huyo ndiyo ninayotaka kuisifu.

Nguvu yake ya kwanza ni kutambua kwamba watoto hawakuja mikono mitupu. "Ungalinisikia, yasingalikukuta haya," mama humwambia mwanawe huku akimsafisha goti lililochubuka. Mtoto anayajua majuto, anazijua lawama, na anaijua shukrani ya mtu aliyeponea chupuchupu. Kulirudia tukio lililokwisha na kulipindua kichwani ni jambo analolifanya tangu yuko chekechea. Mwaka 1981 Mmarekani Alfred Bloom alichapisha kitabu akidai kwamba wasemaji wa Kichina hupata shida kuyafikiria mambo ambayo hayakutokea, kwa kuwa lugha yao haina umbo maalumu la kitenzi kwa kazi hiyo. Mwaka 1983 Terry Au akamjibu kwa majaribio yake mwenyewe: hadithi zikisimuliwa kwa Kichina kinachosemwa na watu, wasikilizaji wanazielewa bila taabu. Kasoro ilikuwa kwenye usimulizi. Natamani jibu hilo libandikwe katika kila ofisi ya walimu wa lugha.

Kinachomtatiza mtoto wetu ni umbo tu. Kiswahili hutia alama ileile pande zote mbili: ungalikuja, ungalimkuta. Kiingereza hugawa kazi. "Had" inakaa kwenye sharti, "would have" kwenye matokeo. Mtoto anayefuata mantiki ya kwao ataandika "If I would have known, I would have come", na kalamu nyekundu itamkata. Mwalimu ninayemsifu humwambia kwanza kwamba amefikiri sawasawa, ndipo amwonyeshe wenzetu wanavyosema. Kuna mazonge mengine. Kuna "had had", inayoonekana kama mkono uliteleza. Kuna ile 'd inayosimama badala ya "had" mwanzoni na badala ya "would" mwishoni, ndani ya sentensi moja: "If I'd known, I'd have come." Hapo hakuna ujanja, ni kuandika kwa kirefu mpaka sikio lizoee.

Kigumu zaidi ni kwamba hata -ngali- yenyewe inatutoka midomoni. Vitabu vya sarufi huiweka -nge- kwenye jambo ambalo bado lawezekana, na -ngali- kwenye lililokwisha pita, lakini mitaani -nge- imeyameza yote mawili. "Ningekuwa na nauli ningekuja." Jana au leo? Msikilizaji anajua kwa muktadha. Kiingereza hakikupi nafasi hiyo, lazima uchague. Basi mwalimu huyu huiacha kanuni kwanza akauliza swali: mlango umefungwa, au bado uko wazi? Akishapata jibu la darasa ndipo anaposhika chaki.

Halafu kuna kuchagua tukio, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Mifano ya vitabuni aghalabu ni ya mtu aliyekosa treni, au ni karipio lililovikwa sarufi: ungalisoma, ungalifaulu. Ukimwambia mtoto atunge ya maisha yake mwenyewe, usishangae mmoja akiandika juu ya baba aliyefariki, wenzake wakiwa wamemkodolea macho. Jeraha la mtu si la kufundishia vitenzi. Linatakiwa tukio la wote, lililofungwa kabisa, lenye ubishi ndani yake.

Mkimbiaji Filbert Bayi wa Tanzania anafaa kuliko wote ninaowajua. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand alimfuata kwa dakika 3 na sekunde 32.5, naye pia akiwa chini ya rekodi ya zamani. Dunia ikasubiri warudiane kwenye Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976. Hawakurudiana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, New Zealand haikufungiwa, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikasusia michezo. Walker akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17.

Mwalimu anaandika: "If Bayi had run in Montreal..." Alikimbia? Hapana! Iko wapi "not" hapo? Hamna. Darasa linaduwaa kidogo: sentensi isiyo na kikanushi inasema kwamba jambo halikuwa. Kisha inafuata nusu ya pili, na hapo kelele zinaanza. Wengi watapiga "he would have won". Mwenye kusoma tarakimu atakumbusha kwamba Walker alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.3 tu, basi labda "might have won". Mwingine atatazama zile sekunde 39 na kusema mbio zilikuwa za polepole kwa sababu hakuwepo mtu wa kuzivuta tangu mwanzo kama Bayi. Huyo anastahili "would have been faster" bila kusitasita. Watoto wa miaka kumi na minne wanapima uzito wa ushahidi kwa kubadilisha kitenzi kimoja! Mjuzi wa siasa naye hakosekani: "If New Zealand had not played in South Africa, Bayi would have run." Vitenzi vyote vimekaa mahali pake, na lawama ameipeleka anakotaka.

Na nyuma kabisa, karibu na dirisha, atainuka mtoto na hii: "If Bayi had won in Montreal, his face would be on our money." Haina "have" ya pili, na mwalimu mwenye haraka ataiongeza. Asiiguse. Sharti ni la mwaka 1976 lakini noti ni za leo, mfukoni, na mtoto huyo ameshaingia kwenye somo la wiki ijayo.