Mtoto na Jumamosi Asubuhi katika Televisheni ya Marekani

Historia ya vipindi vya watoto vya Jumamosi asubuhi katika televisheni ya Marekani husimuliwa mara nyingi kwa shauku ya utotoni, kana kwamba saa hizo zilikuwa zawadi. Mwanaisimu hana budi kuuliza: ni nani hasa aliyekuwa akisemeshwa?

Kufikia 1966 mitandao mitatu mikubwa, CBS, NBC na ABC, ilikuwa imekwisha kuijaza asubuhi hiyo filamu za katuni. Sababu ilikuwa ya kibiashara. Watu wazima hawakutazama sana saa hizo, hivyo muda wake ulikuwa rahisi; lakini watengenezaji wa peremende, nafaka za asubuhi na vitu vya kuchezea walikuwa tayari kuulipia, maadamu watoto walipatikana hapo kwa wingi. Studio ya Hanna-Barbera, iliyoanzishwa 1957, ilitoa katuni za gharama nafuu: picha chache, na mandhari yaleyale yakirudi nyuma ya mhusika akimbiaye. Urudiaji wenyewe si kasoro, kwani hadithi zetu nazo hujengwa juu yake. Lakini msimulizi wa hadithi hungoja kiitikio cha watoto, televisheni haingoji.

Mwaka 1968 Peggy Charren na wenzake waliunda huko Massachusetts chama cha Action for Children's Television ili kuwatetea watoto. Mwaka uliofuata ABC ilianza kuonyesha Hot Wheels, katuni yenye jina la magari ya kuchezea ya kampuni ya Mattel. Aliyelalamika kwa tume ya serikali ya mawasiliano kwamba hilo ni tangazo lililovikwa joho la hadithi alikuwa mtengenezaji mwingine wa vitu vya kuchezea!

Hata hivyo, tusihukumu kwa pupa. Schoolhouse Rock!, iliyoanza ABC mwaka 1973, ilifundisha kuzidisha na aina za maneno kwa nyimbo fupi. Wazo lilitoka kwa David McCall, mtu wa matangazo ya biashara, aliyeona mwanawe ashindwa kukariri jedwali la kuzidisha ilhali nyimbo za roki azijua zote. Ufundi wa kuuza ukageuzwa kuwa ufundi wa kufundisha.

Sheria ya 1990 iliweka kikomo cha dakika 10.5 za matangazo kwa saa mwishoni mwa juma. Kanuni ya 1996 ikavitaka vituo vitoe saa 3 za elimu kwa juma. Zote mbili zilipima muda, wala hazikugusa namna mtoto anavyosemeshwa. NBC iliacha katuni 1992, chaneli za kebo zikazitoa kila siku, na mwaka 2014 The CW ikafunga safu ya mwisho ya aina hiyo katika mitandao mikubwa.

Saa hizo zimetoweka, swali limebaki. Atungaye kipindi cha watoto, kwa lugha yoyote ile, na ajiulize kama anamsemesha mtoto au anamuuza.