Dozi, Kutwa na Kiua: Lugha ya Maelezo ya Dawa

Katika kazi ya kukuza istilahi tumezoea kuuliza kama neno ni fasaha, kama linanyumbulika vyema, na kama limechotwa katika lugha za Kibantu, Kiarabu au Kiingereza. Mara chache tunauliza swali la nne: msomaji akishalisoma neno hilo, mkono wake utafanya nini? Katika maelezo ya dawa swali hili ndilo la kwanza. Tumepitia karatasi za maelezo na maandishi ya bahasha za dawa ambazo mgonjwa wa Tanga, Muheza au Pangani hukutana nazo, hususan za doksisaiklini, dawa ya kumeza ya jamii ya tetrasaiklini. Tunaona kwamba maneno matatu yanahitaji kuangaliwa upya.

Tumeichagua dawa hii kwa sababu ina historia katika pwani hiyo. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika kijijini Kimang'a, wilayani Pangani, kwa watu 72 waliokuwa na vimelea vya matende. Baadhi yao walipewa doksisaiklini miligramu 200 kila siku kwa wiki 8, na wengine vidonge visivyo na dawa. Kwa waliopewa dawa, vimelea vichanga karibu vitoweke kabisa katika damu, na minyoo mikubwa nayo ikafa kwa wengi wao. Dawa hiyo haikumshambulia mnyoo mwenyewe. Iliwashambulia bakteria waishio ndani ya mwili wake, ambao mnyoo hawezi kustawi bila wao. Matokeo yake yalionekana baada ya miezi kadhaa.

Hapa ndipo neno la kwanza, kiuavijasumu, linapotukwaza. Dawa za jamii ya tetrasaiklini kwa kawaida haziui bakteria. Huwazuia wasitengeneze protini, wakashindwa kukua na kuzaana, na kinga ya mwili ndiyo inayoimaliza kazi. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba dawa "inaua," homa ikishuka siku ya tatu, ana haki ya kudhani kuwa adui amekwisha kufa. Naye atavihifadhi vidonge vilivyosalia kwa ajili ya jirani. Aidha, "vijasumu" hakitofautishi bakteria na virusi, ndiyo maana mwenye mafua huiomba dawa ambayo haimfai. Tunapendekeza antibiotiki libaki kuwa jina la jumla, kwa kuwa limekwisha kuenea. Chini yake pawe na kizuiabakteria kwa dawa kama hii, na kiuabakteria kwa dawa kama penisilini.

Neno la pili, dozi, ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Katika Kiingereza, neno lililozaa dozi humaanisha kiasi kinachomezwa kwa mara moja. Katika vinywa vya wananchi wetu, dozi ni dawa yote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho; ndiyo maana tunasema "maliza dozi" na "amekatisha dozi." Mfasiri anayeandika "dozi moja" bila kuitambua tofauti hiyo anamwachia msomaji kitendawili. Chukua kipindupindu. Pamoja na maji ya chumvi na sukari, ambayo ndiyo tiba ya kwanza, mtu mzima anayeandikiwa doksisaiklini humeza miligramu 300 kwa mkupuo mmoja, yaani vidonge 3 vya miligramu 100. Tetrasaiklini yenyewe, kwa ugonjwa huo huo, humezwa mara 4 kwa siku kwa muda wa siku 3. Anayeisoma "dozi moja" kwa maana ya mtaani ataweza kuvigawa vidonge vyake vitatu kwa siku tatu, na anayeisoma kwa maana ya kitabuni ataweza kuiacha tetrasaiklini baada ya kidonge cha kwanza.

Jambo hili si la mabishano ya wanaisimu tu. Kipindupindu kilipotapakaa nchini mwaka 1977 na 1978, tetrasaiklini ilitumika kwa wingi mno, kwa kutibu na kwa kukinga, na katika muda wa miezi michache bakteria wengi wa ugonjwa huo wakawa sugu kwa dawa hiyo. Sababu kuu ilikuwa wingi wa matumizi, wala hatudai kuwa lugha ndiyo iliyoleta usugu. Lakini dawa iliyokwisha kupungukiwa nguvu mara moja haifai kuongezewa maelezo yenye utata. Tunapendekeza kipimo kitumike kwa kinachomezwa mara moja, na dozi liachiwe maana yake ya wananchi.

Neno la tatu ni kutwa. Maana yake ya asili ni tangu kuche hadi jua lituke. Usiku una neno lake, nalo ni kucha. "Kutwa mara 4" humfanya msomaji makini azibane tetrasaiklini zake zote kati ya chai ya asubuhi na magharibi. "Kila baada ya saa 6" nayo yaweza kueleweka kuwa ni baada ya adhuhuri. Saa zetu zenyewe zina jibu lililo wazi: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku.

Yaliyosalia ni madogo, ila yanafuata kanuni hiyo hiyo. "Mazao ya maziwa" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mtu wa Tanga anywaye mtindi aambiwe mtindi. "Epuka mwanga wa jua" halimsaidii mvuvi wa Pangani; aambiwe kwamba dawa hufanya ngozi iungue upesi, hivyo avae kofia na shati la mikono mirefu. "Meza kwa maji ya kutosha" liongezewe "ukiwa umeketi au umesimama, wala usilale papo hapo," kwani kidonge kikikwama kooni huchoma. Na onyo kwa wajawazito na watoto walio chini ya miaka 8 litaje meno, ambayo hubadilika rangi yasirudi tena, na liwaelekeze kwa daktari.

Tunawaomba wafasiri, walimu na maofisa wa afya wayajaribu mapendekezo haya kwa njia iliyo rahisi: wampe mgonjwa karatasi aisome, kisha wamwombe aoneshe kwa vidonge atakavyomeza. Akikosea, karatasi ndiyo isahihishwe.